Vipande vya Jikoni Alivyofuta Projest

Watu wa Kisesa wakimtaja Projest Rugemalira siku hizi wanasema, yule Mhaya aliyempiga video kila mtu akamsahau mke wake. Maneno hayo siyapendi. Mke wake alikuwa Teodora, mdogo wangu wa tumbo moja. Kama kuna mtu wa kumsema Projest basi ni mimi, siyo watu wa kijiweni. Nitaeleza mwenyewe ilivyokuwa, na asiyeridhika anajua nyumbani kwangu.

Projest alikuja huku kutoka Kagera akiwa kijana, na kamera begani. Alimkuta Teodora anapika kwenye harusi, maana sisi kwetu ni wapishi. Siyo wapishi wa hoteli. Wapishi wa sufuria kubwa, wa harusi na wa misiba, wa kuamka kabla ya majogoo na kulala mwisho. Yule kijana akaja jikoni kuomba nyama, akala, akarudi, akarudi tena.

Nikamwambia, "Wewe Mhaya, umekuja kupiga video au kumaliza nyama ya watu?"

Akasema, "Dada, nimekuja kuoa."

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akaangusha mwiko. Kumbe mwenzetu alikuwa anasema kweli.

Wakaoana, na kazi ikawa moja. Ukimwita Projest kwenye sherehe yako, Teodora anakuja na sufuria zake, na mimi nipo. Yeye anakaa mbele kwenye mapambo na muziki, sisi tupo nyuma ya turubai kwenye moshi. Chakula kikikaribia kuiva atakuja na kamera yake, atachukua sufuria, atachukua moto, atachukua wanawake wanaomenya ndizi. Na kila akimfikia Teodora, Teodora anageuka. Anavuta kanga usoni. "Toka hapa," anamwambia, "nenda kwa wenye sherehe. Nani anataka kuona mtu ananuka moshi?"

Na mimi nilikuwa namuunga mkono. Sisi siyo watu wa kupigwa picha tukiwa na nguo za jikoni. Hata leo sitaki.

Jioni Projest anarudi nyumbani na sherehe nzima, kuanzia bibi harusi anavyosukwa mpaka wazee wanavyosinzia, imekaa ndani ya faili moja kubwa. Kompyuta yenyewe ikilifungua inahema. Zamani alikuwa anakata kwa mkono, anatazama, anasimamisha, anakata. Baadaye akapata programu inayokata yenyewe. Inatazama picha inapobadilika ghafla, labda kutoka kanisani kwenda nje juani, hapo inakata. Ukimaliza kunywa chai unakuta sherehe yote imelala vipande vipande kwenye kioo, kila kipande kinaonyesha picha yake ya kwanza. Kanisa hiki, keki hiki, zawadi hiki, mama mkwe analia hiki.

Projest hakuwa anafungua kila kipande. Alikuwa anatazama ile picha ya kwanza tu. Akiona gauni, anaweka. Akiona zawadi, anaweka, tena hizo haziguswi, maana huku kwetu mtu aliyeleta kitenge asipojiona kwenye video atakununia mpaka kaburini. Akiona moshi au sufuria, anafuta. Hakuna mteja aliyewahi kuuliza jikoni kuko wapi. Na video zinajaza diski, lazima kitu kimoja kitoke ili kingine kiingie. Mteja akishachukua yake, lile faili kubwa nalo linafutwa. Alifanya hivyo miaka yote, na Teodora alikuwa anakaa pembeni anachambua mchele, anamwambia, "Futa, futa, hizo ni takataka."

Teodora alikufa mwaka jana, presha. Aliinama kuinua ndoo, hakuinuka nayo.

Msalaba wa kaburi tulipanga kuuweka baada ya mavuno. Binti yao Hellen, aliyeolewa Sengerema, akapiga simu. Akasema, "Baba, siku hiyo nataka watu wamwone mama anatembea, wamsikie anaongea. Wanangu wameanza kusahau sauti yake. Wewe ndiye mwenye video, tafuta." Kwenye simu zao wote Teodora alikuwa mgongo na kanga. Picha ya uso iliyokuwepo ni ya kitambulisho, na pale amekaza macho utafikiri amekamatwa.

Projest akaanza kutafuta. Alitafuta kwenye diski, kwenye flashi, kwenye sidii zilizokwaruzika. Nikienda kumpelekea chakula namkuta ameinama kwenye kioo. Ameona harusi za watu mpaka za walioachana. Ameona wajomba wote wa Magu wanacheza. Teodora hayumo. Kila alipofika mahali ambapo chakula kinaletwa, anaona mikono inaweka sahani mezani, kisha picha inaruka kwenye keki. Aliyeikata ni yeye.

Siku moja nikamkuta analia bila kuficha. Mwanaume wa Kihaya, na majivuno yake yote.

Nikamwambia, "Shemeji, kula kwanza."

Akasema, "Dada, nimewahifadhia watu wote mama zao."

Nikamwekea samaki.

Halafu akakumbuka harusi ya Usagara, ya kijana wa mzee Chenge. Ile ndoa ilivunjika kabla video haijakatwa, na hakuna aliyekuja kuichukua. Nani achukue? Kwa hiyo faili lake lilibaki vilevile, zima, kwenye diski moja chini ya kitanda. Akaitoa hiyo diski, akaifuta vumbi. Nikavuta kiti, nikasema siondoki.

Programu ikakata. Vipande vikajipanga. Gauni, gari, kanisa, mbuzi wa ndafu. Vya jikoni vilikuwa vidogo vidogo vingi, kwa sababu moto ukiwaka na moshi ukipita, ile programu inadhani picha imebadilika, inakata tena. Na hapo nikaona kitu sitakisahau. Mkono wa Projest, wenyewe, bila yeye kujua, ukaanza kuvichagua. Moshi, sufuria, moshi. Akafuta.

Nikapiga kelele, "Wewe! Unafanya nini?"

Akashtuka akaondoa mkono kama ameshika kaa la moto. Kisha akasema faili kubwa bado lipo, tunaweza kukata upya. Tukakata upya. Safari hii alikalia mkono wa kulia, akabonyeza kwa kushoto.

Tulimpata. Kipande kifupi, ukikohoa kinakwisha. Kwanza kuna mgongo wa mwanamke mnene umejaa picha yote, na huo mgongo ni wangu. Nilikuwa namkinga, ndiyo kazi niliyojipa. Sikujua kwamba siku moja tutamtafuta. Halafu nikapisha kuchukua chumvi, na Teodora akaonekana ameshika mwiko kwa mikono miwili, jasho linamtoka, anacheka na mtu ambaye hayupo kwenye picha. Anageuka, anaiona kamera.

"Projest! Umeanza tena? Toa hilo dude, nanuka moshi mimi. Na hiki ukakifute, usije ukanitia aibu kwa watu."

Na sauti ya Projest inasikika nyuma ya kamera, ya furaha kabisa, "Sawa, mama Hellen. Nitafuta."

Kimekwisha. Moshi.

Siku ya msalaba Hellen alifika mapema na watoto, siku hizi kuna daraja, hakuna tena kulala Busisi kusubiri pantoni. Baada ya misa padri alibariki msalaba, tukarudi nyumbani, Projest akawasha televisheni chini ya turubai. Teodora aliposema "nanuka moshi mimi" watu wakacheka na kulia pamoja, maana ndivyo alivyokuwa. Wajukuu wakasema, "Babu, rudisha!" Akarudisha. Wakaiga, "Toa hilo dude!" Akarudisha tena.

Kisha Hellen akauliza taratibu, "Baba, na za sherehe nyingine?"

"Nilifuta."

"Zote?"

"Mama yako aliniambia nifute. Si umemsikia mwenyewe?"

Hellen akamtazama baba yake. "Mama alikuambia uache sigara pia."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa kwa ukali ningemkemea, mimi ni mama yake mkubwa. Alisema tu, akampokea mtoto aliyekuwa anasinzia. Na mimi niliyekaa hapo nilitaka kumtetea shemeji, lakini ni kweli. Sigara hakuacha. Kwenye kufuta ndipo alipokuwa mtiifu, na kumtii huko kulikuwa kwepesi, kulimpa nafasi kwenye diski.

Nikaondoka kwenda jikoni, chakula hakijiivishi. Punde nikamwona anakuja nyuma ya turubai, mikono mitupu, hana kamera. Akasimama pale kwenye moshi karibu na sufuria kubwa ya Teodora, ambayo sasa anaikoroga Gladness, mke wa mwanangu.

Gladness akamwambia, "Shikamoo baba. Chakula bado, mtaitwa."

"Marahaba. Sikufuata chakula," akasema.

Tukamwacha asimame.