Siku tatu bila moshi kabla ya kuonja mvinyo

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumanne. Glasi kumi na mbili zimepangwa juu ya meza ya chumba cha mikutano. Kila moja ina mvinyo mwekundu wa kina cha vidole viwili na imesimama juu ya karatasi yenye nambari. Dirisha liko wazi. Nje ni nyuzijoto tisa.

Mercyline Nasirumbi, 52, anaingia akiwa amevaa sweta mbili. Hajapaka mafuta. Ameoga kwa maji matupu. Mkononi ana mkebe wa maziwa ya unga, mtupu, wa kutemea.

Yeye ndiye anayechagua mvinyo wa hoteli hii ya vyumba 42 iliyo kando ya barabara ya Nyeri kwenda Tetu, ambayo wasimamizi wake waliomba isitajwe jina. Kwa miaka kumi na mmoja, hakuna chupa ya mvinyo mwekundu iliyofika mezani hapa bila yeye kuipitisha. Hajawahi kumeza hata tone. Kanisa lake halikubali pombe.

"Watu wa kanisa wanajua natema," anasema. "Jirani yangu Wachuka huniambia, 'Mama Maxwel, wewe unalipwa mshahara ya kutema mate.' Sasa nitamjibu nini? Ni ukweli."

Mshahara huo ni shilingi 38,000 kwa mwezi, na asubuhi hii uko mashakani. Barua aliyopewa Januari inasema kwamba kabla ya oda ya mwaka huu kutumwa, ataonja mbele ya meneja bila kuona chupa. Meneja asiporidhika, kazi ya kuchagua itakwenda kwa wakala wa Nairobi na nafasi yake itafutwa.

Nasirumbi alitoka Webuye mwaka 1998 akimfuata mumewe, Wasike, askari polisi aliyehamishiwa Nyeri. Alipata kibarua katika kinu cha kahawa karibu na Sagana, akiosha vikombe vya waonjaji. Baada ya miaka minne naye aliruhusiwa kuonja. Huko ndiko alikojifunza kuvuta kahawa kwa kijiko hadi ienee mdomoni, kutema, na kutaja alichokipata kwa maneno machache.

Kinu kilipopunguza watu, aliingia hotelini kama mhudumu wa meza. Siku moja alimwambia meneja wa wakati huo kwamba chupa aliyotumwa kuipeleka ilinuka boksi lililonyeshewa. Meneja alionja, akairudisha stoo. Mwaka uliofuata alimpa kazi ya kuonja.

Wageni wa hoteli hii, wengi wao wapanda mlima, huagiza mvinyo uliokaa kwenye mapipa ya mwaloni wa Ufaransa. Mti huo, anaeleza Nasirumbi, hutoa harufu ya karafuu na ya penseli iliyochongwa. Mwaloni wa Marekani ni mtamu zaidi na huelekea nazi. Kuna pia watengenezaji wasio na mapipa, ambao hutumbukiza vipande vya mbao ndani ya tangi. Hao huwagundua kwa kusubiri. Huacha glasi wazi kwa saa nzima. Harufu ya vipande huja kwanza kwa nguvu, kisha hutoweka. Ya pipa hubaki.

Fundi wa mapipa huchoma pipa kwa ndani kabla ya kulijaza. Likichomwa kidogo, mvinyo hupata harufu ya mkate. Likichomwa sana, hupata moshi. Hapo ndipo Nasirumbi alipokosea.

Julai mwaka jana alipitisha katoni 60 za mvinyo mmoja. Kufikia Septemba, wageni walikuwa wamerudisha chupa 41. Mmoja aliuliza kama ulikuwa umehifadhiwa ndani ya dohani. Meneja, Theuri, alimwita Nasirumbi, akafungua chupa mbele yake na kumwambia anuse. Alinusa mara tatu. Hakupata moshi wowote.

"Nilidhani wananionea," anasema. "Nilikuwa na hasira wiki nzima."

Jibu alilipata Kagio, kwa binti yake Maurine, anayepikia gesi. Alikaa huko siku tatu. Siku ya nne alifungua mkoba wake kutafuta leso, na leso ilinuka moshi hadi akakohoa. Ilikuwa leso yake ya kila siku.

Nyumbani kwake hupikwa kwa kuni. Hotelini, sebule ina meko mawili yanayowaka tangu saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu ya baridi. Kwa miaka yote hiyo, hakukuwa na siku aliyokaa bila moshi. Pua yake ilikuwa imeacha kuuhesabu.

Alimweleza Kinuthia, mwanamume anayewasha meko ya hoteli. Kinuthia alicheka. Alisema yeye husikia harufu ya moshi wa nguo zake pale tu anapokwenda kwa daktari wa meno, kusiko na moto.

Tangu hapo Nasirumbi ana utaratibu. Siku tatu kabla ya kuonja hakanyagi nyumbani. Hulala kwenye godoro katika stoo ya mashuka, hula mkate na maziwa baridi, na hapiti jikoni wala sebuleni. Siku yenyewe, Kinuthia hawashi moto hadi saa nne. Tangu Oktoba amefanya hivyo mara saba, akijizoeza kwa sampuli ndogo.

"Mgongo imekataa," anasema. "Hiyo stoo iko na baridi ya kaburi. Lakini niko na pua moja tu."

Kulikuwa na njia fupi: kuacha kuni nyumbani. Novemba alinunua jiko la gesi na mtungi wa kilo sita. Wasike, ambaye sasa amestaafu, hakutaka kusikia. Alisema ugali wa gesi ni uji uliosimama. Mtungi ulikaa kwenye pembe ya jiko miezi minane, lakiri ya plastiki ya mdomoni mwake ikiwa haijakatwa.

Saa kumi na mbili Theuri anaketi mwisho wa meza. Nasirumbi anaanza na nambari moja. Ananusa, anavuta, anatema, anaandika. Baada ya glasi ya sita anakaa chini na kufumba macho kwa dakika nne. Theuri anaangalia saa.

Glasi ya saba anainusa mara moja na kuisukuma kando bila kuionja. Akimaliza zote, anangoja saa nzima na kurudia. Anachagua nambari tatu na nambari tisa. Nambari tano na kumi na moja anasema ni za vipande vya mbao.

"Na namba saba umeiweka mbali kwa nini, mama?" anauliza Theuri.

"Iko na moshi. Imeungua kama sufuria ya githeri."

"Ni mbaya?"

"Si mbaya. Ni ile yangu ya mwaka jana."

Theuri anafunua orodha aliyokuwa ameilaza mezani. Nambari saba ni mvinyo wa mwaka jana. Aliuingiza bila kumwambia mtu. Nambari tano na kumi na moja hazikukaa kwenye pipa.

Saa tatu na dakika hamsini Theuri anatia saini oda ya katoni 40 za nambari tatu na tisa, na chini yake anaandika kwamba mchaguzi ataendelea. Nasirumbi anaosha mkebe wake. Saa nne Kinuthia anawasha meko.

Saa saba mchana Nasirumbi anafika nyumbani. Wasike ameketi jikoni. Mafiga yana jivu baridi. Sufuria ya chai iko juu ya gesi, na lakiri iliyokatwa iko sakafuni.