Kadi ya Picha Iliyovuka Bahari

Ousseine wa Patsy, kisiwani Nzwani, hakuwahi kununua kitu kwa bei aliyotajiwa mara ya kwanza. Alianza na karafuu za watu, akahamia kwenye mitumba, mitumba ikampeleka Moroni, na huko Moroni akaoa. Mkewe, Zoubeida, alikuwa mtu wa mtaa wa Badjanani, mwenye nyumba ya mawe nyuma ya Msikiti wa Ijumaa wa zamani. Katika visiwa hivi vya Komoro nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia na nguo zake, na siku ya kutoka hutoka nazo hizohizo. Ousseine alilijua hilo tangu utotoni. Hata hivyo, alipotaka kufungua chumba cha gemu za kompyuta, alikifungua chini ya nyumba ya mkewe, kwa kuwa pale hapakuwa na kodi ya kulipa. Akiona cha bure, ujanja wake wote ulilala.

Kompyuta zilikuwa nne, kuukuu, za Windows 95. Vijana walicheza mpira na mbio za magari. Wachezaji wa mpira walikuwa na nyuso za matofali na miguu ya vijiti, na mpira wenyewe ulikuwa na pembe. Hakuna aliyelalamika mpaka kijana mmoja aliporudi likizo kutoka Marseille, akasimama mlangoni, akacheka.

"Kaka Ousseine, hawa ni watu au ni masanduku ya sabuni?"

Safari ya Dubai iliyofuata, Ousseine alirudi na Windows 98 pamoja na kadi ya picha, kipande cha ubao wa kijani kisichozidi kiganja. Ubavuni mwa boksi la Windows yalikuwa yameandikwa masharti: prosesa iwe na nguvu kiasi hiki, RAM isipungue hapa, diski ibakie na nafasi hii. Ousseine aliyasoma kama bei ya kwanza ya muuzaji. Akadhani akisukuma kidogo yatashuka. Hayakushuka. Mashine ya kwanza iligoma katikati, ya pili ikagoma, ya tatu ikawaka kisha ikaganda kama maiti, na ndipo alipoelewa kwamba kuna kitu duniani hakipatani.

Basi akazifungua zile tatu, akazing'oa RAM zake, akazijaza zote kwenye ya nne. Akaingiza Windows 98 humo, akachomeka kadi ya picha, akatia kiraka, yaani programu ndogo ya kuifundisha gemu ya zamani itumie kadi mpya. Zoubeida alikuwa kando yake, pamoja na mtoto wao Imane wa miaka saba, akimshikia tochi na kuuliza kila alichotaka kujua.

"Hizi tatu zitakuwaje, Baba Imane?"

"Zitakaa."

"Umeua tatu ulishe moja."

"Subiri uone."

Na kweli walioona walisimama. Gemu ileile ya matofali ikafunguka na majani yanayopepea, kivuli kinachomfuata mchezaji, uso wenye pua. Watu walijaa mpaka kichochoroni, watazamaji wengi kuliko wachezaji. Zile kompyuta tatu zilifunikwa kitambaa.

Wakati huo Nzwani ilikuwa imeshajitenga na Komoro, na Mnzwani akikaa Moroni alijifunza kuongea kwa sauti ya chini. Aprili 1999 mazungumzo ya upatanisho ya Antananarivo yalikwisha bila wajumbe wa Nzwani kutia sahihi, na Moroni ikachafuka. Vijana waliweka vizuizi, wakawa wanawasemesha wapita njia ili wasikie lafudhi. Mlangoni kwa Zoubeida walikuja na fimbo, na wawili kati yao Ousseine aliwajua vizuri, maana walizoea kucheza kwake kila alasiri.

Aliyewazuia ni Mzé, mjomba wake Zoubeida, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Alivaa joho lake kabisa kwanza, kisha akatoka.

"Nyumba hii ni ya mpwa wangu," aliwaambia. "Humu hamna mali ya Mnzwani. Yumo Mnzwani mwenyewe tu, na atatoka sasa hivi."

Kwa maneno hayo aliziokoa kompyuta, na kwa maneno hayohayo akamvua mwenyewe kila kitu. Ousseine aliyasikia akiwa ndani, bisibisi mkononi. Hakugombana. Alifungua ubavu wa ile kompyuta kubwa, akachomoa kadi ya picha, akaisokomeza chini ya shati.

"Hiyo unaipeleka wapi?" aliuliza Zoubeida.

"Bila hii, mpira hauchezeki humu. Mjomba wako atanitafuta mwenyewe. Hii ndiyo itakayonirudisha."

Zoubeida alimtazama kifuani pale kadi ilipotuna, kisha akamsogezea Imane ambusu. Ousseine akashuka bandarini katikati ya watu wengine waliobeba magodoro na sufuria, wengine wakiwa na damu kichwani.

Huko Nzwani, mjini Mutsamudu, alifikia kwa dada yake, Anziza. Mwanamume aliyerudi hana mke wala nyumba hupewa kitanda cha barazani, na hupewa maneno pia. Aliyempa mengi zaidi ni Hachim, karani wa ofisi moja bandarini, aliyekuwa na kompyuta. Ousseine alimpelekea kadi, akaisifia kutwa nzima. Hachim akafungua mashine yake, wakainamia wote wawili. Matundu yaliyokuwamo yalikuwa marefu, ya aina ya kale. Kadi haikuwa na pa kuingia.

"Sasa?" alisema Hachim. "Tuipige nyundo?"

"Unahitaji mashine mpya."

"Na wewe unahitaji mke. Kila mtu arudi na kasoro yake."

Ousseine alicheka, kwa sababu asingecheka angesemwa zaidi.

Baada ya majuma kadhaa aliitwa kwenye simu, posta. Alikuwa Zoubeida.

"Baba Imane, skrini inawaka, lakini gemu hazifunguki. Nitumie ile kadi. Batoul anakuja huko, mpe yeye."

Batoul alikuwa mchuuzi wa vitenge, aliyepita visiwani kwa njia anazozijua mwenyewe. Ousseine aliegemea ukuta. Moyo ulimdunda vizuri, kama sokoni mnunuzi anaporudi baada ya kuondoka.

"Nitumie kompyuta moja kwanza," alisema. "Ile kubwa. Ikifika, kadi inakuja."

"Kadi bila ile kubwa nitaichomeka wapi?"

"Basi mwambie Mjomba anihakikishie kurudi. Aseme mbele ya watu."

"Mjomba anataka kumkodisha chumba mtu wa saruji. Gemu zikifanya kazi, nitakuwa na la kumjibu. Chumba kikiwa cha saruji, wewe utarudia nini hapa?"

"Mwache akodishe. Atajuta."

"Sikukupigia kufanya biashara, baba. Nakuomba."

Hakujibu. Na upande wa pili Zoubeida naye akanyamaza. Ousseine alizoea kimya cha namna hiyo. Sokoni, mwenzako akinyamaza, bei inashuka, na anayesema kwanza ndiye anayepoteza. Basi akakaza. Alikaa kimya mpaka aliposikia simu imewekwa chini, akatoka posta akiwa na hakika kwamba safari ijayo atapewa alichotaka.

Safari ijayo haikuja. Mwaka 2000 ulipoanza, Nzwani ikawekewa vikwazo. Petroli ikaadimika, meli zikapungua, simu za nje zikakatwa. Umeme ulikuja kwa zamu na kuondoka bila taarifa. Wenye bunduki waligawana mitaa, na mtu akitoka kwenda kutafuta mchele dada zake hukaa mlangoni mpaka arudi. Ousseine aliuza alichoweza kuuza, hata saa yake. Kadi aliifunga kwenye mfuko wa plastiki, akaitia kwenye mkebe wa maziwa. Kila alipoifungua aliona kutu imesogea kidogo kwenye vijino vyake vya rangi ya dhahabu.

Batoul alitokea akiwa amekonda, amepitia kisiwa cha Mwali. Alikaa barazani kwa Anziza, akaomba maji, na alipokunywa akasogeza furushi mbele ya Ousseine.

"Umetoka kwake?" aliuliza Ousseine.

"Nimetoka kwake."

"Mtu wa saruji yupo?"

"Saruji gani? Chumba kimejaa vijana, hakupitiki. Mkeo alizirudishia RAM zile tatu, kila moja na yake. Akaifuta Windows yako mpya, akarudisha ya zamani kwa CD uliyoiacha kabatini. Mpira unachezwa kwenye zote nne."

"Bila kadi? Picha zikoje?"

"Mbaya. Watu wana nyuso kama masanduku."

"Na wanalipa?"

"Watafanyaje? Hakuna pengine pa kucheza. Mwanzo walicheka, wakazoea."

Ousseine aliinuka, akaleta mkebe. "Mpelekee hii sasa. Mwambie sitaki kitu."

Batoul hakunyoosha mkono. "Nilimuuliza kabla sijaondoka, maana nilijua utasema hivyo. Kasema hana kazi nayo. RAM ameshazigawa, hakuna mashine inayoweza kuibeba." Akaligusa furushi. "Alichonipa ni hiki. Kwa kadhi ameshakwenda na mjomba wake."

Anziza, aliyekuwa akipepeta mchele kidogo waliokuwa nao, aliacha kupepeta. Furushi halikuhitaji kufunguliwa. Nguo za mume zikitoka nyumbani zimekunjwa, kila mtu huelewa.

Ousseine alilifungua hivyo hivyo. Zilikuwa zimefuliwa na kupigwa pasi: kanzu mbili, mashati, suruali ya Dubai, kofia. Hakuna kilichopungua. Alizipitia moja moja, kwa mazoea ya mtu wa mitumba, akiangalia vifungo na kola.

"Imane?" aliuliza bila kuinua macho.

"Anacheza mpira kwenye ile ya pembeni. Anawafunga wakubwa."

Ijumaa alivaa kanzu moja kati ya zile, kwa sababu ya zamani ilikuwa imechanika begani na mjini hakukuwa na kitambaa. Ilimkaa sawasawa. Kadi aliiacha kwenye mkebe barazani, na Anziza alipouhitaji mkebe kwa kuwekea chumvi, aliitoa akaiweka juu ya dirisha.

"Hii niitupe?" aliuliza.

"Iache," alisema Ousseine. "Huenda akapita mtu anayeitaka."