Kifuniko cha Kisima

Nilipokuwa darasa la saba mikono yangu ilinuka mbao mbichi za mvinje kwa wiki nzima, hata wali wa nazi nikaula na harufu hiyo. Mwalimu wa sayansi alitutaka, wawili wawili, tutafute tatizo la nyumbani, tubuni kifaa cha kuliondoa, kisha tuandike tathmini. Mimi na Saumu, binti ya mama mdogo Mwanakombo, hatukutafuta mbali. Nyumbani kwetu, karibu na mashamba ya miwa ya Ramisi, palikuwa na kisima chenye ukingo mfupi kilichofunikwa kwa mbao mbili kuukuu. Riziki, mdogo wake Saumu, alikuwa na miaka minne na hashikiki.

Tulipima, tukakata, tukakosea, tukapima tena. Bawaba tulizikata kwenye tairi bovu, komeo tukaliweka mahali mkono wa mtoto haufiki. Kifuniko kilipokaa sawasawa, tulijiona mafundi wa kuitwa hadi Mombasa. Zile mbao kuukuu tulizipasua kuni, mama mdogo akapikia mbaazi. Siku ya tatu mwalimu alikuja kukikagua, akakifungua na kukifunga, akasema chema chajiuza, hiki lazima kiende kwenye maonyesho ya shule. Tulikibeba wenyewe, tukiimba njia nzima. Mama mdogo aliuliza kitarudi lini, tukamwambia kesho kutwa.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa kifaa tulipewa alama thelathini na nane kwa arobaini. Mbili zilikatwa kwa sababu hakikupakwa rangi. Basi tukabaki kukipaka rangi ya buluu, maonyesho yakaahirishwa, nasi hatukulalamika. Kule nyumbani mama mdogo alikiziba kisima kwa karai na matawi ya miiba. Alhamisi asubuhi nilikuwa darasani nikiandika tathmini kwa hati nzuri, kwamba tatizo limekwisha na watoto wa kwetu sasa wako salama. Nilikuwa kwenye ukurasa wa pili mjomba alipokuja kutuita. Mama mdogo alikuwa amegeuka kuanika nguo. Riziki alitolewa kisimani akiwa ameshakufa, akazikwa alasiri ile ile.

Matanga yalipokuwa yakiisha, mwalimu alikirudisha kifuniko, akakiegemeza ukutani, akashindwa hata kuketi. Mama mdogo alikitazama. Hakupaza sauti.

"Ni kizuri, wanangu," alisema. "Lakini mlikuwa mkimtengenezea nani?"

Aibu niliyoiona siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Sasa kuna bomba, na kisima kimefukiwa. Nimekuwa mwalimu Ukunda, nakagua miradi ya watoto wanaojua kuipiga picha na kuipamba kuliko tulivyojua sisi. Nikimwamkia mama mdogo shikamoo, ananiitikia marahaba kwa upole, na upole huo ndio unaoniumiza. Juzi mwanafunzi mmoja alinionyesha mkongojo aliomtengenezea bibi yake mwenye goti bovu. Ulikuwa kabatini tangu Jumatatu, ukingoja alama. Nilimuuliza bibi anatembelea nini siku hizi. Akainama, akasema anashika ukuta. Nilimwambia aupeleke nyumbani saa ile ile, asingoje kengele. Utotoni mwangu hakuna aliyeniuliza swali kama hilo kabla ya msiba, wala mimi mwenyewe sikujiuliza.