Maua Niliyong'oa kwenye Gari ya Bibi Arusi

Mimi nikikataa kitu nimekataa, na siku ya harusi ya dada yangu nilikataa mbele ya ukoo mzima. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka nimwendeshe, kutoka nyumbani mtaa wa Kapsoya mpaka kanisani, mji wa Ziwa. Alikuwa na mimba ya miezi minne. Wiki hiyo alikuwa ametokwa na damu kidogo, na daktari akamwonya ajihadhari na mitikisiko. Tuliojua ni sisi wawili na bwana arusi tu.

Anko, mdogo wake marehemu baba, ndiye aliyepanga msafara. Magari yafuatane yakiwa yamekaribiana, gari ya mtu mwingine isipenye katikati. Kwetu msafara ukikatwa ni aibu. "Mtu akipenya mbele yako," aliniambia, "nachukua funguo, binamu yako anaendesha."

Sasa, gari yangu ni mtumba wa Japani, na ina rada nyuma ya nembo ya mbele. Unachagua mwendo, unachagua nafasi ya kuacha, halafu rada inapima gari iliyo mbele. Hiyo ikipunguza, yako inapunguza. Njia ikifunguka, yako inarudia mwendo uliochagua. Mimi nilichagua nafasi ndefu kuliko zote, isije ikafunga breki ghafla. Hatujaenda mbali, dashibodi ikaandika kwamba rada haioni. Kumbe mashangazi walikuwa wamefunga shada la maua juu ya nembo. Nikasimama, nikashuka na viatu vyangu virefu, nikaling'oa na kulitupa kwenye buti ya gari. Shangazi aliyekuwa gari ya nyuma alishika kichwa.

Tukaendelea. Pikapu ya maziwa ikaona ile nafasi, ikaingia. Gari yetu ikapunguza yenyewe, polepole, ikaacha nafasi upya. Bodaboda mbili nazo zikaingia. Dada hakutikisika hata kidogo. Simu ya dada, aliyekaa kiti cha nyuma, ikalia, akaiweka kwa spika.

"Karibia! Unatuaibisha!"

"Sikaribii, Anko."

Basi akasimamisha msafara wote kando ya barabara, akaja na suti yake mpaka dirishani kwangu, akanyoosha mkono. "Leta funguo."

Ningemwambia sababu, angenyamaza. Lakini siri haikuwa yangu. Kwenye kioo nilimwona dada ameinama, mkono juu ya tumbo, na hasira ikanipanda mpaka masikio yakawaka moto.

"Huyu ni dada yangu na mimi ndiye nampeleka," nikasema. "Wewe tangulia." Nikapandisha dirisha.

Tulifika kanisani nyuma ya trekta ya mtu tusiyemjua, imejaa mahindi. Kwaya ilitupokea hivyo hivyo.

Anko hakunisalimia siku hiyo, wala Krismasi. Mtoto alipozaliwa alikuja kumwona, akakaa, akaanza kuhesabu miezi tangu harusi kwa vidole chini ya meza, akidhani sioni. Alipofika kidole cha tano akaacha, akaniangalia. Nami nikamwangalia, sikuinamisha macho.