Kijiko Kilichozama

Jirani yangu hapa Makanyagio, Mpanda mjini, ana binti ambaye bado anasugua sufuria kwa mchanga, ingawa brashi na sabuni za kila rangi zimejaa dukani. Kila asubuhi nikisikia kwaru, kwaru, kwaru kutoka uani kwao, mkono wangu husimama pale ulipo, hata kama umeshika kikombe cha chai. Watoto wangu wameshazoea. Wao hudhani ni uzee unaninyemelea, nami nimewaacha wadhani hivyo. Ninyi nitawaeleza ukweli.

Nilizaliwa kando ya Ziwa Tanganyika, kusini kidogo ya Ikola. Siku hizo, kufika Mpanda mjini kulikuwa ni kupanda lori la mahindi na kumwomba Mungu mvua isinyeshe. Baba alikuwa fundi cherehani. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja: hakuweza kushona gauni bila kulitia mkanda wa rangi nyingine kiunoni. Ukimpelekea kitambaa cheusi, gauni litarudi na mkanda wa njano, na ukilalamika anakwambia vaa kwanza, watu wakikucheka ulirudishe. Sikumbuki gauni lililorudishwa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa darasa la pili, Baba alikwenda mnadani Karema na cherehani yake. Wakati wa kurudi, boti walilopanda lilipinduka. Wengine waliogelea wakaokoka, wengine ziwa liliwarudisha baada ya siku mbili tatu. Walitafuta wiki nzima. Baba na cherehani yake hawakuonekana.

Kwetu ilikuwa desturi kwamba mtu akichukuliwa na maji, watu wa nyumba yake hawali samaki wa ziwa hilo mpaka azikwe. Asipopatikana kabisa, wazee hukata mgomba, huuvisha sanda, huuzika kwa sala zote, na msiba unaisha. Baba Mkubwa, kaka yake Baba, alikuja baada ya arobaini kumwomba Mama akubali hivyo. Mama akakataa.

"Shemeji, nyie mnataka nizike mgomba," alimwambia. "Mume wangu sijamwona."

Alikuja tena baada ya mavuno, akaja tena kabla ya Krismasi, akajibiwa vilevile. Basi sisi tukawa watu wa kukaa kando ya ziwa na kula maharage. Shuleni waliniita mtu wa Mpanda, maana waliamini huko mjini watu hawajui samaki. Jioni harufu ya samaki wa ziwa, migebuka iliyobanikwa, ilipita juu ya ua wetu bila kubisha hodi, na mate yalinijaa mdomoni mpaka nikaona aibu. Sala zangu kanisani zilikuwa na sababu mbili. Nilimwomba Mungu ili Baba apatikane kwa sababu nilimkosa sana, na pia kwa sababu ya migebuka. Mungu alijua ni ipi iliyokuja kwanza siku gani.

Chini ya nyumba yetu palikuwa na mwamba ulioingia majini, na hapo ndipo Mama alipooshea vyombo kila asubuhi. Pande zote mbili za mwamba ule palikuwa mchanga mtupu. Sufuria ya ugali ilipogusa maji tu, samaki walipanda kutoka kwenye nyufa za mawe: weusi tii, wafupi kama kiganja cha mtoto, na kila mmoja ana mkanda mpana wa njano kiunoni. Sisi watoto tuliwaita samaki wa mkanda. Walikula ukoko hadi mikononi mwetu, wakatuchokoza vidole kwa midomo yao migumu. Kabla ya msiba Mama aliwafukuza. Baada ya msiba alianza kuacha ukoko mwingi kuliko kawaida, hata siku ambazo unga ulikuwa haba. Aliwasugulia taratibu huku akizungumza nao: paa linavuja, mbuzi amezaa mapacha, Skola amekuwa wa tano darasani.

Skola ni mimi. Siku moja nilimuuliza anaongea na nani.

"Na baba yako. Hawa wanashuka chini, sisi hatushuki," alisema. Akawatazama kidogo. "Ona mikanda yao. Yule mtu angewapenda."

Mimi niliyachukua maneno hayo kama yalivyo. Nilijua sasa Baba yuko chini ya mwamba wetu, amekaa mbele ya cherehani, na wateja wake ni wale.

Mwaka wa pili wa maharage yetu walikuja wageni na boti la injini, mapipa ya bluu, na mashine iliyosukuma hewa kwenye mpira mrefu. Walikuwa wakitafuta samaki wa rangi. Mpiga mbizi wao, kijana wa Kigoma aliyeitwa Zuberi, alitueleza kwamba samaki hao hupelekwa Ulaya, wakawekwa kwenye masanduku ya vioo sebuleni, watu wakawatazama. Tukamuuliza wanawatazama tu, hawawali? Akasema hawawali. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Aliahidi biskuti kwa yeyote atakayemwonyesha mahali penye weusi wa mkanda wa njano.

Watoto wengine walijua mwamba wetu, lakini walimwogopa Mama. Mimi sikutaka biskuti. Nilikuwa nimeiona miwani yake ya kuzamia, ile kubwa inayofunika macho na pua, na nilitaka kitu kimoja tu.

"Nitakuonyesha," nilimwambia, "ukinivalisha hiyo nitazame chini."

Ilikuwa mchana, Mama yuko shambani. Zuberi alinilaza kifudifudi juu ya mwamba, akanikaza miwani inayonuka mpira, akanishika kiuno, nami nikaingiza uso majini. Sijawahi kuona tena kitu kama kile. Mawe yalikuwa yamevaa ukijani laini, na samaki wetu walizunguka humo kila mmoja na mlango wake. Kivuli changu kilipomwangukia mmoja, vitoto vilivyokuwa mbele yake vilikimbilia mdomoni mwake vikaingia vyote, akafunga. Nikatazama mbali zaidi, mahali mawe yanaposhuka. Maji yalikuwa ya bluu, kisha bluu nzito, kisha giza. Nilitazama mpaka pumzi ikaniishia. Nikapumua, nikatazama tena. Hapakuwa na cherehani. Hapakuwa na mtu.

"Umeona nini?" Zuberi aliuliza.

Nilikuwa nimeona pia kijiko chetu kimekwama kati ya mawe, kile ambacho Mama alinichapia mwaka uliopita kwa kukipoteza. Nikasema, "Kijiko." Akacheka, akajitosa, akaniletea. Kilikuwa na utelezi wa kijani mgongoni. Nilikificha chini ya mkeka wangu wa kulalia, maana ningerudi nacho jikoni ningeulizwa kimetoka wapi.

Kesho yake nilikuwa shuleni, Mama shambani, walipouzungushia mwamba nyavu. Walifanya kazi mchana wa siku mbili, wakafunga mapipa, wakaondoka.

Nilimfuata Mama asubuhi iliyofuata. Alichovya sufuria, ukoko ukatoka, ukaelea, ukasambaa. Hakuna aliyekuja. Akagonga ubavu wa sufuria kwa mwiko, kama alivyozoea kuwaita. Akangoja. Alianza kusema habari za mbuzi, akaacha katikati. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Siku ya nne alirudi na sufuria ikiwa bado na ukoko wake, akaiweka chini, akaenda moja kwa moja kwa Baba Mkubwa.

"Katafuteni huo mgomba," alisema.

Uliviringishwa sanda pamoja na shati la Baba, katekista akasali, wanaume wakashindilia udongo. Mama hakulia, na mashangazi wakanong'ona kwamba ana moyo mgumu. Halafu ikaletwa sinia ya ugali na migebuka, kwa kuwa sasa tulikuwa tumezika. Mama alimega kipande kidogo, akakitafuna muda mrefu kuliko nyama ya ng'ombe mzee, akakimeza. Mimi nilikula vipande vitatu na kulamba vidole. Nilikuwa na furaha, wasomaji wangu. Sitawaficha hilo.

Jioni ile nilipoinua mkeka, kijiko hakikuwapo. Nilikikuta jikoni pamoja na vingine, kimesuguliwa kinang'aa. Nilingoja kuulizwa. Sikuulizwa siku ile wala mwaka ule.

Nilipokuwa mtu mzima, bwana samaki mmoja hapa Mpanda aliniambia kwamba wale wa mkanda hawavuki mchanga. Huzaliwa na kufa kwenye mwamba uleule, na mwamba ukishakombwa hakuna jirani atakayehamia. Nilikwenda nyumbani nikajaribu. Niliingiza sufuria majini, nikagonga kwa mwiko kama kichaa. Mwamba ulikuwa mtupu vilevile. Nikajiona mimi ndiye niliyemzika Baba, kwa sababu ya kuchungulia mara moja.

Mama nilimhamishia kwangu miguu yake ilipochoka. Mwaka wa mwisho wa maisha yake, tukichambua mchele uani, binti wa jirani akawa anasugua sufuria zake, nikashindwa kuendelea. Nikamwambia yote: Zuberi, miwani, mwamba.

"Nilijua," alisema, vidole vyake bado vinatafuta mawe kwenye ungo. "Kijiko hakielei, mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini hakunipiga. Akasema angempigaje mtoto aliyekwenda kumtafuta baba yake. Akaacha mchele. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba kitu dukani akijua labda kimekwisha:

"Na ulimwona?"

Nikamwambia hapana, Mama, niliona kijiko tu. Akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye ungo wake. Mgomba ulikuwa umezikwa, matanga yaliliwa, na samaki tulikula miaka yote ile kama watu wengine. Mimi nilidhani kimya chake kuhusu kijiko ni hasira aliyoimeza. Kumbe katika kijiji kizima ni mimi peke yangu niliyewahi kutazama kule chini, na Mama alikuwa anaogopa kuniuliza.