Zamu ya Ignace Kupandisha Wimbo

Mume wangu Ignace ni fundi cherehani, na mikono yake ni mizuri kuliko kichwa chake. Nasema hivyo kwa mapenzi. Mwenye kichwa kizuri asingesimama miaka kumi kati ya spika za kanisa letu pale Berea, Johannesburg. Ni chumba cha chini cha ghorofa, zamani kilikuwa stoo ya magodoro, na Pasta François amepanga humo spika nne zenye kimo cha mtu, kana kwamba Mungu ni kiziwi. Ignace alipiga gitaa la besi pale tangu tulipofika kutoka Lubumbashi. Nilimwambia asogee pembeni. Akasema akisogea hatamwona pasta.

Maana kanisani kwetu wapigaji wanafuata mkono. Pasta akiinua kiganja, wimbo unapanda sauti. Akikishusha, unatulia. Hakuna anayemsikiliza mwenzake, kila mmoja anapiga kwa nguvu zake zote, macho kwenye kiganja, na jasho linamtoka.

Mwaka 2015 mzee mmoja wa Soweto, Bra Solly, alileta koti lake kubadilishwa bitana. Alimkuta Ignace akigonga meza kwa vidole huku akisubiri pasi ipate moto, akasimama kumsikiliza hadi pasi ikapoa tena. Bra kwao ni kaka, na kaka huyu ni mpiga piano. Mpigaji wake wa besi alikuwa amefariki, na lile besi kubwa la mbao, refu kupita mtu, lilikuwa limesimama tu sebuleni kwake. Akamwazima mume wangu palepale, kabla hata hajalilipia koti.

Muziki wa Bra Solly na wenzake, jazz, niliuchukia. Sisi ni watu wa rumba: kuna maneno, halafu gitaa linachachamaa, watu wanainuka. Hawa wanakaa kwenye ngazi moja ya sauti muda mrefu, kama watu waliokutana chumba kimoja na hakuna anayetaka kuondoka. Mmoja anasema lake, mwingine anamjibu, wa tatu anatia neno. Kisha wanahisi kwamba hapo pametosha, wanapanda wote nusu hatua, bila mtu kuita wala kuhesabu. Siku ya kwanza niliuliza wimbo utaanza lini.

Ignace alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake.

"Mama Yolande, hawa bantu banasikilizana," aliniambia. "Unasema kaneno kadogo tu, mwengine anakamata, anakurudishia. Ku kanisa tunapiganaga makelele."

Nilimcheka, lakini nilimwelewa. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, Kizulu hakuvuka salamu. Miaka yote hiyo Johannesburg ilikuwa imemwambia "eish" na "sharp" za mitaani na mengine nisiyopenda kuyaandika, na yeye alikuwa hajapata nafasi ya kujibu. Sasa Bra Solly alikuwa akimuuliza kitu kwa piano na kungoja jibu. Dineo, binti mrefu anayepiga saksafoni, alikuwa akimtania kwa noti tatu, naye anamtania kwa mbili. Mume wangu alipata watu wa kuzungumza nao, na mimi nilifurahi kuliko nilivyomwonyesha.

Sikio la kushoto lilikufa mwaka uliofuata. La kulia likawa linafuata taratibu. Daktari alisema ni makelele ya miaka mingi, mishipa imeungua, haifufuki. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Walikuwa wakiwasema wabishi, lakini mimi niliolewa na mbishi na sikio lake pia. Nilitaka kwenda kumkamata Pasta François kwa tai yake. Ignace alinishika mkono.

"Ba Bra Solly usibaambie," alisema. "Bakijua, hakuna mwenye atanijibu tena. Batakuwa bananichunga tu."

Kwa hiyo akaanza kupiga kwa macho. Besi lenyewe alilisikia kifuani, kwa kuwa mbao zinatetema, na ngoma aliipata miguuni kupitia sakafu. Kilichobaki alikitafuta kwenye mikono ya wenzake, kama alivyofundishwa kanisani.

Hapo ndipo alipokosea. Soweto kuna chama cha wapenzi wa jazz, wazee wa kofia na viatu vya rangi mbili, wanaokutana Jumapili ukumbini. Wimbo ukimgusa mtu anainuka kucheza peke yake, pole pole, leso nyeupe mkononi. Siku hiyo Bra Solly alimwona rafiki yake wa zamani akiingia mlangoni, akainua kiganja kumsalimia. Ignace akaona kiganja. Akapandisha wimbo, peke yake, katikati ya maneno ya Dineo.

Nilifunika uso. Lakini watu wale wanasikilizana kweli. Dineo aliruka akamfuata, piano ikafuata, ngoma ikafuata, na kosa likawa jambo zuri kuliko yote ya mchana ule. Wazee saba walisimama na leso zao. Bra Solly alimkumbatia, akasema hajapata kumsikia mtu mwenye moyo wa namna hiyo, na kuanzia leo zamu ya kupandisha ni ya Ignace. Wao watamngoja yeye.

Mungu wangu! Wote wakawekwa mikononi mwa mtu asiyesikia.

Ikabidi niwe masikio yake. Nilikaa kiti cha mbele kila Jumapili. Dineo alipokuwa anakaribia kumaliza lake, nilishika kilemba changu, na Ignace alijua wakati umefika. Kuweza hivyo ilinibidi nijifunze kuusikia muziki ule niliouchukia: pumzi ya Dineo inavyofupika anapomaliza, piano inavyopungua kumpisha. Sikuwahi kukosea. Watu walimsifu mume wangu kwa usikivu wake, na yeye aliinama kushukuru, na nyumbani hakusikia hata maji yakichemka. Mimi alinisoma midomo. Lakini binti yetu Yolande anaongea Kiingereza na Kizulu tu, na midomo ya lugha hizo baba yake hajui kuisoma. Wakawa wanapungiana mikono.

Machi 2019 umeme ulikuwa unakatwa kila siku. Jumapili moja wimbo ulipokuwa katikati, saa moja ya jioni, taa zikazimika. Wapigaji hawakusimama. Ala zao hazina haja ya umeme, na ukumbi mzima ulipiga miluzi ya furaha. Gizani walisikilizana zaidi. Dineo alipiga kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema siri, kisha akamaliza lake na kumngojea Ignace.

Nilishika kilemba changu gizani. Nilikishika kama mjinga.

Ignace aliendelea palepale, noti zilezile. Dineo akamwita: noti tatu. Akangoja. Akamwita tena, kwa nguvu zaidi. Piano ikamwita. Nilikuwa nasikia kila swali na sikuwa na jinsi ya kulifikisha. Saksafoni ikanyamaza, piano ikanyamaza, mwisho ngoma. Besi likaendelea peke yake, safi kabisa, likimjibu mtu asiyekuwepo.

Watu wakawasha tochi za simu. Ignace aliona taa nyingi zimeinuliwa, akadhani ni shangwe. Akaacha kupiga, akainama kushukuru.

Wazee wale wana adabu, wakapiga makofi. Bra Solly alimwita mara mbili kwa nyuma, hakugeuka. Kisha akanitazama mimi, nami nikatikisa kichwa: hasikii. Dineo alikuwa analia.

Hawakumfukuza. Afadhali wangemfukuza, tungepata wa kumkasirikia. Jumapili iliyofuata walikuja wenyewe kumchukua. Sasa Dineo anainua kiwiko chake juu kabisa akikaribia kumaliza. Bra Solly anamtajia wimbo kwa kufungua kinywa chote, neno moja moja. Wanapiga mafupi, mepesi, na hakuna anayemuuliza kitu. Mimi niliyefundishwa kusikia ndiye niliyesikia: maswali yote yalikuwa kati yao watatu, na yeye walimwachia mtetemo wa sakafu tu.

Nilidhani hatajua. Alipiga Jumapili mbili, akarudi nyumbani, akakaa kitandani.

"Banapiga kwa ajili yangu," alisema, kwa sauti kubwa, maana siku hizi hajui sauti yake ina ukubwa gani. "Habapigi tena na mie."

Nikamwambia si kweli, nikamwambia wanampenda, nikasema na mengine niliyokuwa nayo moyoni miaka mingi. Lakini alikuwa ameshanigeuzia mgongo kuvua viatu.