Mkwe Akiwa Sebuleni

Godoro lilikuwa limekwisha fungwa kamba juu ya pikapu. Githaiga, muuza vipuri Mkikuyu wa mjini Kambu, alikuwa tayari kumhamisha mama mkwe wake, Mbithe, kutoka Nunguni akakae kwake. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza Mbithe mkono wa kulia. Familia ilikubaliana: mwanafunzi wa hospitali akisema hawezi kujilisha, anahama leo hii. Mbithe alikuwa amesema jambo moja tu, kwamba nyumba aliyojenga na marehemu mumewe ataiacha akiwa amebebwa.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa Nthenya, binti kutoka kijiji cha Matiliku, aliyekuwa karibu kumaliza kozi ya kuwafundisha wagonjwa kuvaa, kuoga na kula upya. Darasani alikuwa moto wa kuotea mbali. Kijiko alikizungushia sponji kwa mikono yake ili vidole vilivyolegea vikishike. Akaweka mezani bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe.

"Susu, jaribu. Polepole tu," Nthenya alisema, akimwita nyanya kwa Kikamba.

Mbithe akachota, akainua kijiko hadi kifuani, akakirudisha. Mara ya pili vilevile. Macho yalikuwa sakafuni na jasho likimtoka.

"Si unaona?" Githaiga alisema kutoka kwenye kochi. "Tangu atoke hospitali hakuli mchana, ni uji tu ya jirani usiku. Daktari, andika hiyo kitu twende, jua inaenda."

Nthenya aliutazama tena mkono wa mgonjwa. Mkono ulifika kifuani bila kutetemeka. Kutoka hapo hadi mdomoni ni mwendo gani? Majina ya misuli ya bega aliyajua yote, na hayakumfaa kitu. Akashika kalamu, akaanza kuandika kwamba mgonjwa hawezi. Hapo Githaiga akakohoa. Mbithe akavuta leso haraka na kujifunika mdomo, kwa mkono uleule wa kulia.

Nthenya aliona haya mpaka masikio yakawaka. Nyanya yake mwenyewe hakuwahi kutafuna mbele ya mume wa shangazi. Mama mkwe hafungui kinywa kwa chakula mbele ya mkwewe, na aibu ya namna hiyo haisemwi. Alilijua hilo tangu utotoni, akaliacha nje ya lango la chuo kama viatu vyenye matope.

"Uncle, tafadhali toka nje kidogo."

"Nitoke? Huyu ni mama yangu!"

"Ni mama mkwe. Toka, tafadhali." Hakushusha macho.

Githaiga aliubamiza mlango hata kalenda ya kanisa ikaanguka. Mbithe akautazama mlango kwa muda. Kijiko kikapanda, punje zikamwagika kifuani. Kikapanda tena, na safari hii kikafika. Akatafuna, akachota kingine, na kingine, kwa pupa ya mtu aliyelala njaa siku nyingi. Nthenya alilia waziwazi.

Nje, Githaiga alikuwa ameegemea pikapu, amenuna.

"Anakula," Nthenya alimwambia. "Anaona aibu tu kula mbele ya mkwe. Ni desturi yetu Wakamba, na hukuwa unajua. Hahami."

Githaiga alishika kamba ya godoro. Kisha akasema, "Bibi yangu amejifungua juzijuzi, nikamwacha kwa nyumba. Nikafunga duka, nikakuja kukaa hapo kwa kochi kutoka asubuhi mpaka jioni, kila siku, nihakikishe mama amekula."